Sigara Isiyokwisha

Kuvuta sigara ilikuwa kazi isiyohitaji shule. Unaitoa, unaitia mdomoni, unaomba moto kwa aliye jirani, mnabishana kidogo Simba na Yanga, sigara inafika kwenye kichungi, unaikanyaga, unarudi kazini. Ni tabia mbaya, inaua, pakiti yenyewe inakwambia hivyo, na dukani kwa Mangi unauziwa moja moja ili hata hilo onyo usilione. Lakini haikuwa na ufundi. Hakuna mtu aliyewahi kusimama upenuni na sigara mkononi akasema, "Tangulieni, yangu bado inachaji."

Sasa mtu huyo ndiye mimi.

Aliyenitia kwenye mkasa huu ni mpwa wangu, mtoto wa dada, anayeuza simu Kariakoo na kufuata mzigo Dubai. Alikuja na kiboksi kimenakshiwa kuliko cha pete ya uchumba. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na uso wa mtu asiyejua lolote, nikajua papo hapo kwamba anajua kila kitu.

"Mjomba, hii haina moshi, haina majivu, haina ile harufu anayolalamikia shangazi."

"Sasa ina nini?"

"Ina betri."

Ukitaka kuielewa vepu, maana ndilo jina la chombo hicho, sahau kwanza kwamba ni sigara. Ni jiko la umeme. Chini mna betri ya lithiamu, ndugu yake ile ya kwenye simu. Juu ya betri mna koili, waya mwembamba wa mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, au wa chuma, kromiamu na aluminiamu, umezungushiwa pamba au umezungushwa kwenye pamba, kutegemea aliyeitengeneza. Pamba inanyonya kimiminika kutoka kwenye tangi. Umeme unapita kwenye waya, waya unapata moto, kimiminika kinageuka mvuke, mvuke ukikutana na hewa baridi unakuwa ukungu wa matone madogo mno. Ukungu huo ndio unaouvuta, na ndio huo vijana wa Sinza wanaupuliza mpaka ukadhani gari la kufukiza mbu limepita.

Cha msingi ni kwamba hakuna kinachoungua, au hakipaswi kuungua. Ncha ya sigara, ukiivuta, hufika nyuzi 900 hivi za Selisiasi, na kuungua huko kwa majani ndiko kunakoleta lami na kaboni monoksidi. Koili, ikiwa na afya njema, hucheza kwenye nyuzi 200 na ushei. Hapo mpwa wangu yuko sahihi na sina la kubisha. Nabisha mengine.

Nabisha kitufe. Zipo zisizo na kitufe kabisa; ndani yake mna kihisio kinachosikia pumzi ikivutwa, kinafungulia umeme chenyewe. Hizo ni za watu wenye bahati. Yangu ina kitufe, na ili iwake lazima ukibonyeze mara tano, upesi upesi. Ukibonyeza nne, haikujui. Ukisita katikati, unaanza upya. Nimeuliza kwa nini tano, nikaambiwa ni usalama, isije ikajiwasha mfukoni. Mfuko gani huo wenye vidole? Na kuizima ni mara tano vilevile, kwa hiyo usiku utaniona kitandani nabonyeza gizani na mke wangu anauliza namtumia nani meseji saa hizi.

Halafu kuna juisi. Ndivyo wanavyoiita, juisi, ingawa ukiinywa utakimbizwa hospitali. Ndani yake kuna vitu vinne tu: propilini glaikoli, glisirini ya mimea, ladha, na nikotini yenyewe. Glaikoli ni nyepesi, inabeba ladha na kukwaruza koo kidogo ili roho ya mvutaji iridhike. Ndiyo hiyo pia inayotumika kwenye mashine za ukungu jukwaani, kwa hiyo ukiona msanii anatokea katika wingu, jua mmevuta wote. Glisirini ni nzito na tamu, ndiyo inayotoa wingu kubwa. Nilipolisikia jina hilo niliinuka, nikaenda kwenye meza ya mke wangu, nikachukua chupa anayochanganya na maji ya waridi kujipaka wakati wa kipupwe. Nikasoma. Glisirini. Mtu mzima mwenye wajukuu nimeambiwa niache sigara, nivute mafuta ya kujipaka.

Mpwa wangu alicheka, akasema ndiyo ujue kwamba ni salama, watu wanajipaka, na kwenye dawa za kikohozi imo. Hoja hii ndiyo inayonikera kuliko zote, na wauzaji wengi wanaipenda. Ngozi si pafu. Tumbo si pafu. Mwaka 2019 Wamarekani walianza kulazwa kwa maradhi ya mapafu ambayo madaktari hawakuyaelewa mara moja. Hadi Februari 2020 wagonjwa waliolazwa au kufa walifika 2,807, na kati yao waliokufa walikuwa 68. Uchunguzi ukaelekeza kidole zaidi kwenye vitamini E asetati, iliyokuwa imechanganywa kwenye mafuta ya bangi ya vepu za mtaani ili yawe mazito. Vitamini E hiyo ndiyo imo kwenye losheni zinazouzwa kila duka la vipodozi. Kwenye mkono inakuacha unang'aa. Juisi ya kawaida ya nikotini haikuwa na kitu hicho, ni kweli, lakini tangu hapo mtu akiniambia "hii hata kujipaka unaweza" namwambia basi ajipake.

Na hiyo nikotini inatoka wapi? Mara nyingi inakamuliwa kwenye majani yaleyale ya tumbaku. Mkulima wa Urambo na wa Chunya asiwe na wasiwasi, hatujamtupa.

Ladha ndiyo usiniulize. Mpwa aliniletea embe barafu. Mimi nimekulia pwani, nimekula embe dodo, embe bolibo, embe sindano, embe ng'ong'o kwa chumvi na pilipili. Sijaona mtu anakula embe huku meno yanamgonga kwa baridi. Kuna pipi, kuna stroberi, kuna keki. Kuna hata ladha ya tumbaku, ambayo ndiyo pekee kati ya zote isiyofanana na jina lake. Tatizo si ulimi wangu. Tatizo ni kwamba chupa ina picha ya embe, na nyumbani mwangu wajukuu wanaingia na kutoka. Nikotini ya maji mtoto akiimeza ni sumu, na hata ikikumwagikia inapenya kwenye ngozi. Kwa hiyo kile kitu kilicholetwa kuniokoa sasa kinakaa kabatini juu kabisa, kikiwa kimefungiwa pamoja na dawa ya panya.

Tuje kwenye kuvuta kwenyewe. Ukiweka koili mpya, unajaza juisi, halafu unakaa. Unasubiri dakika kadhaa pamba ilowe. Sigara haikuwahi kunisubirisha. Mpwa wangu, kwa kutaka kunionyesha umahiri, hakusubiri; alibonyeza, akavuta kwa mbwembwe, kisha akainuka na kukimbilia dirishani machozi yakimtoka. Pamba kavu ilikuwa imeungua. Alisema mdomoni anasikia tambara lililosahauliwa chini ya pasi. Si ladha mbaya tu: koili ikiwaka bila juisi hutoa formaldehaidi, ambayo ikiyeyushwa kwenye maji ndiyo formalini ya kuhifadhia maiti, na akrolini inayowasha macho na koo. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya chombo hiki ni kwamba ukisikia harufu ya kuungua, acha hapohapo. Sheria hiyo kwenye sigara ingemaliza biashara zamani.

Baada ya kurudi kutoka dirishani alinifundisha kwamba kuna mivuto ya aina mbili. Ya kwanza unaijaza mdomoni kwanza, ndipo unaishusha mapafuni, kama tulivyozoea. Ya pili unaivuta moja kwa moja mpaka mapafuni, kama mtu aliyeibuka baharini, na hiyo ndiyo ya wale wenye mawingu. Aina ya kwanza inataka koili yenye ukinzani wa juu, zaidi ya ohm 1. Ya pili inataka ya chini ya hapo, na wati nyingi. Ohm! Nilidhani mimi na Ohm tuliagana kidato cha tatu kwa makubaliano ya pande zote mbili. Leo anarudi mdomoni mwangu.

"Mjomba weka wati 12."

"Ni nyingi hizo?"

"Ni za wazee."

Basi nikaweka za wazee.

Jambo moja ambalo hakuna kiboksi kinachokuambia ni kuhusu joto letu. Juisi ikipata joto inakuwa nyepesi, na ikishakuwa nyepesi inatafuta njia ya kutoka. Ijumaa moja ya mwezi wa pili, wakati Dar es Salaam inapokuwa haina upepo hata wa kuazima, niliitia vepu kwenye mfuko wa kanzu, nikaenda msikitini. Nimeizima, mara tano, kwa heshima zote. Katikati ya hotuba nikaanza kusikia harufu ya stroberi, maana siku hiyo nilikuwa nimebadilisha ladha kukimbia ile embe yenye mafua. Mzee aliyekuwa safu ya mbele aligeuka kidogo. Kijana wa kushoto kwangu akavuta pumzi, akatazama juu, akatazama huku na huku. Nikashusha macho nami nikaona doa limetambaa kutoka mfukoni mpaka nyongani, linang'aa. Hotuba, kama nakumbuka vizuri, ilikuwa juu ya israfu. Nyumbani kanzu ilitundikwa kwenye kamba, na kufika alasiri sisimizi walikuwa wameshapanga foleni.

Umeme ukikatika mtaani kwetu, na unakatika, sigara za Mangi zinawaka kama kawaida. Mimi nakaa na kijichuma kilichozimika, nikiwaangalia. Na kuna hili la moto. Mlinzi wa jengo letu, bwana mmoja mpole ambaye kwa miaka tumekuwa tukiwashiana, aliniomba moto usiku mmoja, nikapapasa mfuko wangu kwa mazoea na kumtolea vepu. Tukaitazama wote wawili. Ina wati 12, ina betri inayoweza, ukiitendea vibaya, kulipuka. Lakini haiwezi kuwasha njiti moja ya sigara ya mlinzi. Aliniuliza kama nimeokoka.

Lakini yote hayo ningeyavumilia. Ninalonung'unikia hasa ni kwamba kitu hiki hakina mwisho.

Sigara ina adabu moja tu, inakwisha. Moto ukifika kwenye kichungi umeambiwa basi, na ukitaka nyingine lazima uamue upya, utoe pakiti, utafute kiberiti, uhesabu zilizobaki. Mimi nilikuwa nazihesabu. Mke wangu alizihesabu zaidi. Vepu hauihesabu. Unaivuta mara mbili ukisoma gazeti, mara tatu ukingoja chai ipoe, moja kabla ya kupiga mswaki na moja baada yake, na ukiulizwa leo umevuta kiasi gani unabaki kusema "kidogo kidogo tu." Kiboksi kimeandikwa maelfu ya mivuto, na kimeandikwa kwa fahari, kana kwamba ni bando la intaneti. Kwa kuwa haina harufu ya kufukuza watu, huambiwi toka nje. Na kutoka nje, kwa sisi wavutaji, ndiko kulikokuwa kipimo.

Zamani koo nalo lilikuwa linasaidia. Nikotini ya kawaida ikizidi kwenye juisi inakwaruza, mtu anakohoa, anaacha. Mwaka 2015 Marekani ikatoka JUUL, ndogo, bapa, ukiitazama utadhani ni flashi ya kompyuta. Watengenezaji wake walitumia chumvi za nikotini: nikotini iliyochanganywa na asidi ya benzoiki, ikawa laini kooni hata ikiwa nyingi. Kitangi chake cha mililita 0.7 kiliandikwa asilimia 5, wakati Umoja wa Ulaya ulishaweka kikomo cha miligramu 20 kwa mililita, ambayo ni asilimia 2. Wanafunzi wa Marekani waliichukua kwa wingi mpaka serikali ikapiga kelele, na watengenezaji wengine wengi wakaiga chumvi ile. Leo ukinunua ya bei poa Kariakoo, soma asilimia kabla ya kusoma ladha.

Jirani yangu ni mwalimu wa sekondari. Anasema siku hizi akifanya ukaguzi anashuku hata kalamu za kupigia mstari. Kuna mtoto alikamatwa akichaji "kalamu" kwenye kompyuta ya maktaba. Mtoto huyo hakuwa anaacha sigara, hajawahi kuivuta. Alianza na keki ya stroberi, sasa mikono inamtetemeka kipindi cha hesabu. Kwa mzee kama mimi, aliyefukiza mapafu miaka yote hii, kuhama moja kwa moja ni nafuu, na tathmini za kitafiti za Cochrane zimeonyesha kwamba vepu yenye nikotini huwasaidia watu zaidi kuacha sigara kuliko vibandiko na bazoka za nikotini. Lakini kuhama maana yake ni kuhama. Mwenzangu wa kwenye bao ana sigara mkono wa kulia na vepu mkono wa kushoto, anasukuma kete kwa kiwiko. Huyo hajaacha kitu, ameoa mke wa pili.

Aliyetuletea balaa hili kwa umbo tunalolijua ni mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003. Mvutaji mkubwa, baba yake naye alikuwa mvutaji na akafa kwa saratani ya mapafu. Alijaribu vibandiko, havikumtosha, akabuni chombo kilichotumia mitetemo ya sauti isiyosikika kugeuza nikotini kuwa ukungu. Koili ya moto ilikuja kushika nafasi baadaye. Mwaka 2013 hataza ziliuzwa kwa dola milioni 75 kwa kampuni tanzu ya Imperial Tobacco, yaani kwa wauza sigara. Mmarekani mmoja, Herbert Gilbert, alikuwa ameshapata hataza ya sigara isiyo na moshi tangu 1965, hakuna aliyemnunulia; alitangulia mno. Na Hon Lik mwenyewe amewahi kuwaambia waandishi wa habari kwamba bado anavuta na sigara za kawaida. Niliposoma hilo nilimwekea mke wangu simu mbele ya uso. Akasema Hon Lik hana mke kama yeye.

Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ilitungwa mwaka huohuo wa 2003, wakati Hon Lik bado anahangaika na mitetemo yake, kwa hiyo wote wawili walizaliwa bila kujuana. Shisha ilipigwa marufuku nchini mwaka 2016. Ukivuka kwenda Uganda, vepu iache nyumbani, sheria yao ya 2015 inakataza kuiingiza na kuiuza. Oman nako kuiuza ni marufuku. Shemeji yangu wa Muscat ameniomba nisije nayo, au kama lazima nije nayo, nisije kwake. Na kwenye ndege huruhusiwi kuitia kwenye begi la kupakizwa chini kwa sababu ya betri. Lazima uwe nayo mwenyewe juu, karibu, mfukoni, saa zote za safari, na huruhusiwi kuivuta. Aliyetunga adhabu hiyo aliwahi kuwa mvutaji.

Uingereza tangu tarehe 1 Juni 2025 wamekataza kuuza zile za kutumia na kutupa, maana watu walikuwa wakitupa betri za lithiamu jalalani pamoja na maganda ya ndizi. Wenye viwanda, na viwanda vingi viko Shenzhen, hawakulala. Juzi mpwa wangu amenipigia kutoka Dubai. Zimetoka mpya, zina kioo kinachoonyesha chaji na juisi iliyobaki, nyingine zinaungana na simu kwa bluetooth, nyingine zina gemu ndani.

"Mjomba nikuletee ya gemu?"

Nimemuuliza kama ipo inayojizima yenyewe baada ya dakika tano na kumwambia mtu rudi kazini. Amesema hiyo hajaiona, ila ataulizia. Mke wangu, akiwa jikoni, amepaza sauti kwamba ikipatikana zije mbili, hiyo moja ya vepu, na nyingine ifungwe kwenye simu yangu.